Mshiko wa Kalamu: Fainali ya Mpira wa Meza ya Athens 2004 na Kinaya cha Ushindi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii aghalabu hutumiwa kumliwaza aliyeshindwa, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali linalopaswa kufuata: huyo aliyeshindwa ameshindwa nini hasa? Ameshindwa yeye, au umeshindwa ufundi aliokuja nao? Swali hili ndilo kiini cha makala haya.

Makala yanakusudia kueleza mashindano ya mpira wa meza ya wanaume, mchezaji mmoja kwa mmoja, yaliyofanyika katika Michezo ya Olimpiki ya Athens, Ugiriki, mwezi Agosti 2004. Yataeleza jinsi mchezo wenyewe unavyohesabiwa, tofauti ya namna za kushika raketi, safari ya wachezaji hadi fainali, na yaliyotokea baadaye. Mwisho, yataonyesha kwamba fainali hiyo ilikuwa na kinaya ambacho hakikujitokeza siku ile, bali kilifumbuka polepole kwa muda wa miaka 20.

Huenda msomaji akajiuliza, mpira wa meza una uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Uhusiano wa kwanza ni wa karibu mno. Meza ya mchezo huu imo katika kumbi za burudani za mabweni mengi ya vyuo vyetu, na wanaoizunguka jioni hutaniana kwa Kiswahili. Lakini wanapofika kwenye hesabu na majina ya mapigo, wote huhamia Kiingereza. Ni vyema tujaribu kuusimulia mchezo huu kwa lugha yetu, tuone kama kweli inatutupa mkono. Uhusiano wa pili ni wa kifasihi. Sisi tunaosoma fasihi tumefunzwa kutofautisha tukio na maana yake. Fainali ya Athens ni funzo zuri la tofauti hiyo.

Meza, Mpira na Hesabu

Kabla ya kuendelea, istilahi moja inahitaji kuwekwa wazi. Neno "mpira" katika Kiswahili humaanisha kile kinachopigwa, humaanisha mchezo wenyewe, na pia humaanisha mali ghafi inayotokana na utomvu wa mti. Katika mchezo huu zote tatu hukutana, kwa kuwa raketi ya mbao hufunikwa kwa utando wa mali ghafi hiyo. Ili kuepuka utata, makala haya yanatumia "mpira" kwa kile kinachopigwa na "raba" kwa utando wa raketi.

Meza ya mchezo ina urefu wa sentimita 274 na upana wa sentimita 152.5. Wavu unaoigawa una kimo cha sentimita 15.25. Mpira una uzito wa gramu 2.7 tu, na kipenyo chake ni milimita 40. Zamani kipenyo kilikuwa milimita 38. Kiliongezwa mwishoni mwa mwaka 2000, baada ya Olimpiki ya Sydney, ili mwendo wa mpira upungue kidogo na watazamaji waweze kuufuata kwa macho. Mwaka uliofuata, 2001, hesabu nayo ikabadilishwa. Seti iliyokuwa ikimalizika kwa alama 21 sasa ikawa inamalizika kwa alama 11. Kila mchezaji huanzisha mpira mara mbili, kisha zamu humwendea mwenzake. Wakifungana 10 kwa 10, zamu hubadilika kila baada ya alama moja, na mshindi ni yule atakayetangulia kwa alama mbili.

Olimpiki ya Athens ilikuwa ya kwanza kuchezwa kwa mpira huo mkubwa na hesabu hiyo fupi. Ili ashinde mchezo, mchezaji alihitaji seti nne kati ya saba. Mabadiliko haya hayakuwa madogo. Katika seti ya alama 21, aliyeanza vibaya alikuwa na nafasi ya kutulia, kumsoma mpinzani na kujirekebisha. Katika seti ya alama 11, makosa matatu mfululizo yanaweza kuwa ndiyo seti yenyewe. Hesabu fupi humpendelea anayeshambulia mapema, na huongeza uwezekano wa bingwa kuangushwa na asiyetarajiwa.

Mishiko Miwili

Raketi ya mpira wa meza hushikwa kwa namna kuu mbili. Ya kwanza ni mshiko wa salamu, ambapo mchezaji huukamata mpini kama apokeavyo mkono wa mgeni. Kwa mshiko huu, upande mmoja wa raketi hupiga mipira inayokuja upande wa kiganja, na upande wa pili hupiga inayokuja upande wa mgongo wa mkono. Ndio mshiko wa wachezaji wengi wa Ulaya, na leo hii wa wachezaji wengi ulimwenguni.

Namna ya pili ni mshiko wa kalamu, uliostawi Asia ya Mashariki. Hapa kidole gumba na kidole cha shahada huikumbatia shingo ya raketi, kichwa cha raketi kikaelekea chini, na vidole vitatu vilivyosalia vikaegemea nyuma yake. Yeyote aliyewahi kuandika atautambua mkao huo mara moja. Mshiko huu huupa mkono wepesi mkubwa. Kifundo cha mkono huwa huru, mpira wa kuanzishia huweza kuzungushwa kwa hila nyingi, na pigo la upande wa kiganja huwa kali ajabu.

Hata hivyo, mshiko wa kalamu una udhaifu unaojulikana na kila mpinzani. Kwa desturi, mchezaji wa mshiko huu hutumia uso mmoja tu wa raketi kwa mipira yote. Mpira unapokuja upande wa mgongo wa mkono, hulazimika kuupinda mkono kwa namna isiyompa nafasi ya kupiga kwa nguvu. Aghalabu huweza kuukinga au kuusukuma tu. Kona hiyo ya meza ndiyo mlango ulioachwa wazi, na maadui huubisha bila huruma.

Wenye mshiko wa kalamu walitafuta dawa mbili za ugonjwa huu. Dawa ya kwanza ilikuwa miguu. Mchezaji hujifunza kukimbia upesi hadi kona yake dhaifu, akaizunguka, na kuupiga mpira kwa upande wa kiganja, mahali ambapo wengine wangetumia mgongo wa mkono. Dawa hii hudai mapafu, magoti na ujasiri, maana anayeikimbilia kona moja huiacha nyingine tupu. Hii ndiyo iliyokuwa njia ya wachezaji wengi wa Korea Kusini na Japani, na baadhi yao walibandika raba upande mmoja tu wa raketi.

Dawa ya pili ilikuwa kuutumia uso wa nyuma wa raketi. Wachezaji wa China walibandika raba pande zote mbili, wakajifunza kupiga kwa nyuma mpira unaokuja upande wa mgongo wa mkono bila kubadilisha mshiko. Mchina Liu Guoliang, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, alikuwa miongoni mwa waliolitumia pigo hilo katika mashindano makubwa. Lakini kwake lilikuwa silaha ya akiba. Aliyeligeuza kuwa nguzo ya mchezo wake alikuwa kijana aliyemfuata, Wang Hao.

Njia ya Mtoano

Mashindano ya Athens yalichezwa katika ukumbi wa Galatsi kwa mtindo wa mtoano. Mtoano ni mfumo usiojua msamaha: anayeshindwa mara moja huaga. Haujali umeshinda mangapi mwaka uliotangulia, wala haujali ubora wako kwa wastani. Huuliza swali moja tu: leo ni nani?

China ilileta wachezaji watatu, idadi ya juu iliyoruhusiwa kwa nchi moja wakati huo: Ma Lin, Wang Liqin na Wang Hao. Wengi walidhani nishani zote tatu zingebebwa na ndege moja kurudi Beijing. Aliyevuruga hesabu hiyo wa kwanza hakuwa kijana, bali mzee wa mchezo, Jan-Ove Waldner wa Uswidi. Waldner alikuwa na umri wa miaka 38. Alikuwa ametwaa dhahabu mjini Barcelona mwaka 1992 na fedha mjini Sydney mwaka 2000, na wengi walikuwa wamekwisha kumwandikia tanzia ya kimichezo. Katika Athens alimtoa Ma Lin, kisha katika robo fainali akamtoa Timo Boll wa Ujerumani. Kila aliyependa mchezo huu alitamani safari hiyo isikome.

Ilikomea nusu fainali, mikononi mwa Mkorea wa umri wa miaka 22, Ryu Seung-min. Upande wa pili, Wang Hao, aliyekuwa na miaka 20, alimshinda Mchina mwenzake Wang Liqin. Wang Liqin baadaye alimshinda Waldner na kupata shaba. Mzee akarudi nyumbani mikono mitupu, lakini jina lake likiwa limeng'aa upya.

Fainali basi ikawa ya vijana wawili, wote wa mshiko wa kalamu. Kufanana kwao kuliishia hapo. Ryu alikuwa mwana wa dawa ya kwanza: raba upande mmoja, miguu isiyotulia, na pigo la kiganja lililoshuka kama shoka. Wang alikuwa mwana wa dawa ya pili: hakuhitaji kuikimbilia kona yake, kwa kuwa uso wa nyuma wa raketi yake ulikuwa ukiilinda na kushambulia kutoka papo hapo. Mmoja alikuwa kilele cha ufundi wa kale, mwingine mwanzo wa ufundi mpya.

Tarehe 23 Agosti, 2004

Ryu alishinda kwa seti nne dhidi ya mbili. Hesabu kamili ilikuwa 11–3, 9–11, 11–9, 11–9, 11–13, 11–9.

Tuisome hesabu hii kama tusomavyo beti, mstari baada ya mstari. Seti ya kwanza haikuwa na ushindani. Wang alipata alama tatu tu, na katika hesabu fupi ya alama 11 hakuwa na muda wa kujipata. Baada ya hapo mambo yalibadilika. Kati ya seti tano zilizofuata, hakuna hata moja iliyoamuliwa kwa zaidi ya alama mbili. Tukijumlisha alama zote za mchezo, Ryu alipata 64 na Wang 54, na mtu anaweza kudhani kwamba pengo lilikuwa pana. Lakini tukiiondoa seti ya kwanza, Ryu anabaki na 53 na Wang 51. Kwa maneno mengine, katika sehemu kubwa ya fainali ile, ufundi wa kale na ufundi mpya ulitenganishwa na alama mbili.

Nilipoutazama mchezo huo katika kanda iliyohifadhiwa, nilivutiwa zaidi na miguu ya Ryu kuliko mkono wake. Kila mara mpira ulipoelekezwa kwenye kona yake dhaifu, aliwahi kuuzunguka na kuujibu kwa kiganja. Alikuwa akilipa kwa jasho kile ambacho Wang alikipata kwa kugeuza kifundo cha mkono. Siku ile jasho lilitosha.

Katika Olimpiki hiyo, dhahabu nyingine tatu za mpira wa meza zilikwenda China. Hii ya nne ndiyo iliyowaponyoka. Na tangu siku hiyo hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hakuna mchezaji asiye Mchina aliyetwaa dhahabu ya wanaume, mmoja kwa mmoja.

Baada ya Athens

Kisa cha Wang Hao hakikuishia hapo, na hapa ndipo kinapoanza kufanana na utanzia. Miaka minne baadaye, 2008, Olimpiki ilifanyika Beijing. Mcheza kwao hutuzwa, husema Waswahili, na Wang alifika fainali mbele ya watu wake. Lakini aliyesimama upande wa pili wa meza alikuwa Ma Lin, naye akicheza kwao. Wang akashindwa 4–1. Wachina walizoa nishani zote tatu mwaka huo, na baadaye kanuni ikabadilishwa ili kila nchi ilete wachezaji wawili tu katika shindano hili.

Mwaka 2012, mjini London, Wang alifika fainali kwa mara ya tatu mfululizo. Akashindwa tena 4–1, mara hii na Mchina mwenzake Zhang Jike. Olimpiki tatu, fainali tatu, fedha tatu. Haifai kusema kwamba hakuwahi kuwa bingwa: alitwaa ubingwa wa dunia mjini Yokohama mwaka 2009, na dhahabu za timu katika Olimpiki za 2008 na 2012. Lakini mlango mmoja, ule alioubisha mara tatu, haukumfungukia.

Ryu naye aliendelea. Akiwa na timu ya Korea Kusini alipata shaba mwaka 2008 na fedha mwaka 2012. Mwaka 2016 wanamichezo wenzake walimchagua kuwawakilisha katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na Januari 2025 alichaguliwa kuiongoza kamati ya michezo na Olimpiki ya nchi yake. Ushindi wa siku moja ulimfungulia maisha mapana, naye aliyatendea haki.

Kinaya cha Matokeo

Sasa turejee kwenye swali letu. Siku ile ya Agosti, Wang Hao alishindwa. Je, ufundi wake ulishindwa?

Matokeo yalisema ndiyo. Historia ikasema la. Mtindo wa Ryu, wa kuilinda meza nzima kwa pigo la kiganja na miguu, haujapata mrithi aliyepanda juu ya jukwaa la dhahabu hiyo baada yake. Ushindi wake ulikuwa machweo yenye rangi nzuri kuliko mchana wote uliotangulia. Mtindo wa Wang, wa kuutumia uso wa nyuma, ndio uliofunzwa kwa waliotaka kuendelea kushika raketi kama kalamu. Ma Lin aliyemshinda mwaka 2008 naye alilitumia pigo hilo. Aliyeshindwa mezani alishinda shuleni.

Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, jambo hili si geni. Mwaka 1974 diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, ilituzwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ni kazi iliyofuata arudhi, na ilistahili tuzo hiyo. Mwaka huohuo Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyoziweka kando kanuni za vina na mizani. Vitabu hivi viwili havikuwa vikishindana mbele ya mwamuzi mmoja, na itakuwa makosa kuvilinganisha kwa alama. Hata hivyo, mjadala uliozuka kati ya watetezi wa arudhi na watetezi wa shairi huru uliendeshwa mara nyingi kana kwamba ni mtoano: mmoja lazima aage. Miaka 50 imepita na hakuna aliyeaga. Arudhi ingali inatungwa na kuimbwa, na mashairi huru yanasomwa katika madarasa yetu. Tuzo hujibu swali la mwaka wake. Haliwezi kujibu swali la karne.

Kuna tahadhari mbili za kuzingatiwa hapa. Kwanza, kusema haya si kumpunguzia Ryu heshima. Hakushinda kwa bahati, na anayedai kwamba aliyeshinda "hakushinda kweli" anaukataa mchezo wenyewe. Alishinda kwa kuukamilisha ufundi wa waliomtangulia, na kukamilisha si kazi ndogo kuliko kubuni. Pili, Wang hakuutupa mshiko wa mababu ili awe wa kisasa. Angeweza kuhamia mshiko wa salamu kama wengi walivyofanya. Alibaki na kalamu ileile, akagundua kwamba karatasi ina pande mbili. Wale miongoni mwetu wanaodhani kwamba upya katika fasihi lazima uanze kwa kuchoma ya kale watafakari hapo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi fainali ya Athens ilivyowakutanisha vijana wawili wa mshiko mmoja na fikra mbili, jinsi hesabu fupi ya alama 11 ilivyoifanya seti ya kwanza kuwa ghali, na jinsi matokeo ya siku yalivyotofautiana na hukumu ya miaka. Yamejaribu pia kuonyesha kwamba mchezo huu unasimulika kwa Kiswahili bila kuazima zaidi ya inavyohitajika. Waliobaki ni nyinyi mnaohesabu kwa Kiingereza jioni bwenini, shime, jaribuni.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mchezaji aliyeorodheshwa wa kwanza duniani, Wang Chuqin wa China, alitolewa mapema na Truls Möregårdh wa Uswidi. Matumaini yote ya China yakamwangukia Fan Zhendong, aliyekwenda akafika fainali, akamshinda Möregårdh huyohuyo 4–1 na kutwaa dhahabu. Kocha mkuu wa timu ya wanaume ya China alikuwa Wang Hao. Shaba ya shindano hilo ilichukuliwa na Mfaransa wa umri wa miaka 17, Félix Lebrun. Kijana huyo, aliyelelewa katika bara la mshiko wa salamu, hushika raketi kama kalamu, na mipira ya upande wa mgongo wa mkono huipiga kwa uso wa nyuma.